Ramani ya Mwewe Niliyoinunua Nakiwogo

Feri ya kwenda Kalangala, kwenye kisiwa cha Bugala katika Ziwa Viktoria, Uganda, iliondoka gati la Nakiwogo, Entebbe, saa tisa na nusu badala ya saa nane, na katika muda huo wa kusubiri juani nilinunua soda kwa bei ya sahani ya chakula, kisha ramani ya hazina kwa shilingi elfu ishirini.

Aliyeniuzia alikuwa mzee mwenye Kiswahili cha jeshini. “Mwanangu,” aliniambia, “maharamia walizika mali yao Bugala wakafa kabla ya kuirudia.” Karatasi yenyewe ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imejaa pembe, miraba iliyokosa upande mmoja na nukta ndogo. Nilipokaa na kuikunjua vizuri, nikakumbuka nilikowahi kuiona, na moyo ukanishuka.

Ni maandishi ya fumbo yanayohusishwa na Olivier Levasseur, haramia Mfaransa aliyeitwa La Buse, jina la ndege wa jamii ya mwewe. Mwezi wa Aprili 1721, yeye na wenzake waliikuta meli ya Kireno iliyotoka Goa, Nossa Senhora do Cabo, imetia nanga Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, baada ya kuvunjwavunjwa na dhoruba, wakaiteka pamoja na almasi zake. Alinyongwa kisiwani humohumo tarehe 7 Julai 1730, na inasemekana kwamba aliurushia umati karatasi akisema kwamba hazina ni ya atakayeielewa. Kisa ni kitamu, lakini mistari 17 ya fumbo hilo ilichapishwa mwaka 1934, karne mbili baada ya kitanzi, na mimi mfanyabiashara sinunui mzigo uliochelewa hivyo bila stakabadhi. (Isipokuwa siku ile.) Hata hivyo Mwingereza Reginald Cruise-Wilkins alichimba Bel Ombre, Shelisheli, tangu 1949 hadi alipofariki 1977, na mwanawe akaendelea. Nilipoihesabu miaka hiyo, elfu ishirini zangu zilipungua uchungu kidogo.

Mvuvi aliyeketi kando yangu alichungulia, akacheka hadi akakohoa. “Ndugu yangu, maharamia wa ziwa hili hawafukii kitu. Wanakukuta usiku, wanang'oa mashine ya mtumbwi, na kukicha imeshauzwa.” Yake iliibwa hivyo, na mkopo aliokopa kuinunua alikuwa bado anaulipa.

Siku mbili za Kalangala sina la kuzisimulia, ila kwamba samaki aliyevuliwa mbele ya macho yangu aliuzwa ghali kuliko Kampala, na chandarua cha chumbani kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Usingizi uliponikataa nilimkumbuka bibi yangu wa Busia, aliyefukia chungu cha noti nyuma ya jiko wakati wa vita. Mwaka 1987, shilingi mia za zamani zilipogeuzwa kuwa moja mpya na asilimia 30 kukatwa juu yake, bibi hakukifukua, kwa kuogopa macho ya majirani. Baba alipokitoa baadaye, noti zilikuwa zimegandana kama chapati za jana. Bibi alizibandua mojamoja, akazianika mkekani kando ya mihogo, akakataza mtu kuzigusa.

Niliporudi Nakiwogo nilimkuta yule mzee akimkunjulia kijana mmoja karatasi nyingine. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza mbele ya mteja wake kama nimeiona hazina. Nikamjibu kwamba bado naitafuta.