Siku moja maishani mwangu: leo ramani imekubali kuchorwa

Saa 2 asubuhi. Kompyuta imewaka, mbele yangu kuna ramani ya kwenye brauza, ile ya kuvuta na kukuza, ambayo mpaka jana mtumiaji alikuwa anaitazama tu. Kazi ya leo ni kumpa kalamu. Achore mpaka wa eneo analolitaka, akiona kona imekaa vibaya aishike aisogeze, akigusa ndani ya umbo aone ukubwa wake. Tunatumia Leaflet, maktaba ya JavaScript (mkusanyo wa programu zilizokwisha andikwa za kuonyesha ramani kwenye brauza) iliyotoka 2011, naipenda sana kwa vile ni nyepesi.

Saa 3. Nimeanza na kitu kidogo, kusoma poligoni moja, yaani umbo lenye kona, kwenye faili la GeoJSON (muundo wa kuandika maumbo ya ramani kwa namba) na kuiweka juu ya ramani. Haionekani. Nikaipunguza ramani mpaka dunia yote ikaingia kwenye skrini, kumbe ipo, imekaa katikati ya bahari. Hili linamsumbua karibu kila anayeanza kazi za ramani: GeoJSON inaandika longitudo kwanza ndo ifuate latitudo, Leaflet inataka latitudo kwanza. Ukiipa faili zima inageuza yenyewe, ila mimi namba nilizichomoa kwa mkono. Nikazigeuza, poligoni ikarudi nchi kavu.

Saa 4. Sasa kuchora kwenyewe. Programu niliyoikuta ilikuwa inatunza kila nukta kwa pikseli, vile vidoti vya skrini, 340 kutoka kushoto, 212 kutoka juu, na ukiangalia unaona iko sawa kabisa mpaka pale utakapovuta ramani, ardhi inaondoka na mchoro unabaki palepale kama doa kwenye kioo cha dirisha. Nimefuta yote. Kila mguso sasa nauchukua kama latitudo na longitudo, Leaflet inakupa ndani ya taarifa ya mguso wenyewe kwenye `e.latlng`, afu pikseli zinapigwa hesabu upya ramani ikisogea au ikikuzwa. Mchoro ni wa ardhi, sio wa skrini. Hapo silegezi, maana mtu akichora mpaka wa shamba anataka kesho aukute shambani.

Saa 5 mpaka saa 8 mchana nimekuwa kwenye jambo moja tu, na ndo lenye kazi kuliko yote: ramani na mchoro vinagombea kidole kimoja. Ukishika kona uisogeze, ramani nayo inadhani umeivuta yenyewe, kwa hiyo vinaondoka vyote viwili. Ukibonyeza mara mbili kumaliza umbo, ramani inajikuza hapohapo, umbo ulilotaka kulitazama limeshatoka nje ya skrini. Ukigusa ndani ya umbo lililokwisha ili uone ukubwa, mguso unapenya mpaka kwenye ramani chini na kuongeza nukta usiyoihitaji. Dawa yake niliipata kwa kuandika kwenye karatasi nani ana haki ya kidole muda gani. Mtu akiwa anachora, kukuza kwa kubonyeza mara mbili kunazimwa, akimaliza kunawashwa tena. Akishika kona, kuvuta ramani kunazimwa kwa `map.dragging.disable()`, akiiachia kunawashwa kwa `enable()`. Na mguso uliopokelewa na umbo unasimamishwa palepale, hauendi chini. Mistari michache tu, lakini ukisahau kuwasha tena unachozima, mtumiaji anabaki na ramani iliyoganda na hajui kosa ni la nani.

Saa 9. Ukubwa wa eneo. Ramani nyingi za intaneti zinatumia Mercator, namna ya kuitandaza dunia ya mviringo iwe bapa, ambayo inatanua nchi kadiri unavyoondoka kwenye ikweta, kwenye latitudo 60 eneo linaonekana kubwa mara 4 kuliko lilivyo. Kwa hiyo ukipima kwa pikseli za skrini, au hata kwa mita za Mercator, unamdanganya mtu. Nimepiga hesabu kwa kufuata mviringo wa dunia kutoka kwenye latitudo na longitudo zenyewe. Hii nimeijaribu mara nyingi kuliko vingine, kwa sababu namba ikishaandikwa kwenye skrini watu wanaiamini.

Saa 10 jioni kasi. Nikapakia maumbo elfu tano, ramani ikawa inakokota. Kawaida Leaflet inachora kwa SVG, aina ya mchoro ambayo kila umbo linakuwa kipande chake peke yake kwenye ukurasa, na zikiwa nyingi hivyo brauza inalemewa. Maumbo yaliyotulia nimeyahamishia kwenye kanvasi, yanachorwa pamoja kama picha moja, afu lile moja linalohaririwa nimeliacha kwenye SVG kwa sababu hapo kulipamba na kulishika ni rahisi. Ukivuta sasa inateleza vizuri.

Saa 11 nikampa mwenzangu anayetupimia programu, anatumia simu siku zote. Kimya kidogo, afu akaniita: "Kaka, hii kona siipati. Nikigusa kidole chenyewe kinaifunika."

Kweli, kiduara cha kushikia kona nilikichora kwa pikseli 8, kwa maus kinatosha, kwa kidole gumba hapana. Sikukikuza machoni, kingeficha mpaka wenyewe, nimekizungushia duara lisiloonekana la pikseli 44 ambalo ndo linapokea mguso, na kona inayoshikwa inang'aa ili ajue ameipata.

"Jaribu tena dada."

Saa 12. Akachora kona tano, ya nne ikakaa vibaya, akairudisha nyuma kwa kitufe cha kutengua, akaiweka upya, akagusa nukta ya kwanza umbo likafunga na ukubwa ukatokea katikati. Akavuta ramani mbali, akairudisha. Umbo lilikuwa palepale kwenye ardhi yake. Nikasevu, nikazima kompyuta.