Tumeshuka weee, mara tukapaa tena
Jana bwana tumezungushwa angani mpaka basi, nje ukungu mzito kama pamba, rubani akajaribu kutua, tukashuka weee, mara injini zikanguruma tukapaa tena, jirani yangu kanikaba mkono na hata hatujuani. Kumbe mtambo wa kuongozea ndege kutua umekufa upande mmoja. Unatuma mawimbi mawili ya redio, moja linaonyesha katikati ya ranwei, lingine mteremko wa kushukia, kawaida nyuzi 3. Ukiwa mzima, ule wa daraja la kwanza, yaani la kawaida tu, rubani anashuka hadi futi 200 hivi akitafuta taa, ukizingua lazima azione akiwa juu zaidi, asipoziona anapaa. Watu eti rubani muoga, mimi nilitaka kumkumbatia. Tukatua kiwanja kingine, begi langu mpaka sasa sijaliona.