Ndoo ya miwa chini ya blanketi

Andiko langu la kuomba fedha za utafiti wa ethanoli ya miwa, ile pombe inayoweza kuwa mafuta ya gari, limerudi mara ya pili. Wanauliza: "Kiwanda kiko wapi?" Jamani! Kiwanda changu ni yule kijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anayekamua miwa kwa ndimu na tangawizi. Makapi anayatupa, mimi nayabeba kwa kiroba.

Juisi niliyoipata humo ipo chumbani kwangu Uyole, ndani ya ndoo niliyoifunika blanketi langu mwenyewe. Baridi hii ya Juni hamira inagoma. Jana usiku povu lilikuwa limelala kabisa. Leo saa nne, jua lilipogonga dirisha, likaanza kuchemka taratibu, tsss, na harufu kama ya togwa iliyopitiliza.

Kilo ya sukari hutoa kama nusu kilo tu ya ethanoli, tena mambo yakienda vizuri. Brazili walipoanza mpango wao wa mafuta ya ethanoli ya miwa mwaka 1975 serikali ilitia fedha. Mimi natia posho.

Mama mwenye nyumba kanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo gongo ikiiva, polisi wakija mimi sikujui."