Bibi na ufagio wa Anatevka

Kuna igizo la nyimbo la Marekani linaitwa Fiddler on the Roof, yaani mpiga fidla juu ya paa, lilianza Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mwezi wa 9 mwaka 1964. Ni habari ya Tevye, muuza maziwa, Myahudi wa kijiji cha Anatevka kule Urusi mwaka 1905, ana mabinti watano na wale watatu wakubwa kila mmoja anataka kuolewa kivyake, baba haelewi dunia inaenda wapi. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kinafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi pale Kirumba, na mimi ndo nilipewa kuliongoza, maana yake kabla mtu hajashika hata mstari mmoja inabidi niseme tunalifanyaje na kwa nini sisi na kwa nini hapa Mwanza.

Wenzangu walishaamua. Tulilete Usukumani bwana! Tevye awe mfugaji wa Magu, yule mwenye bucha Lazar Wolf anayemtaka binti mkubwa aje na ng'ombe wa mahari, na mshenga kama Yente si tunao kila mtaa. Watu wanacheka wanapiga meza, na kusema kweli ilinoga. Ila moyo wangu ulikuwa unagoma. Kwanza leseni ya kuliigiza inatolewa na MTI, kampuni ya haki za maigizo ya New York, na ukishapewa hugusi maneno wala nyimbo bila ruhusa, kwa hiyo ubunifu wako unabaki kwenye jukwaa, nguo, taa, nani anasimama wapi. Pili, na hili ndo lilikuwa linaniuma, wale watu wa Anatevka mwishoni wanafukuzwa kwa sababu ni Wayahudi. Polisi anakuja na amri, siku tatu muwe mmeondoka. Sasa Tevye akiwa Msukuma nani anamfukuza, na kwa lipi? Unakuwa umewafuta wenyewe kwenye hadithi yao.

Jerome Robbins, aliyeliongoza mara ya kwanza, aliwang'ang'ania waandishi na swali moja tu, hiki kitu kinahusu nini hasa, wakimjibu muuza maziwa na mabinti zake anakataa, mpaka wakafika kwenye mila, mila za watu zinavyomong'onyoka wakiwa wanaziona. Na mimi jumamosi ile nikawarushia wenzangu swali hilohilo, tukabishana asubuhi nzima.

Dada aliyekuwa anasoma Golde, mke wa Tevye, alikuja na bibi yake, alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema kuja kliniki na hakukuwa na mtu wa kumwachia nyumbani. Tukamsalimia, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki na soda yake. Basi tukawa tunasoma mwishoni, mizigo imeshapakiwa, Golde anafagia nyumba, Tevye anamshangaa, mama wa watu anasema hataki kuacha nyumba chafu. Vijana wawili wakacheka.

Bibi akasema, "Mnacheka nini wajukuu zangu? Mbona na mimi nilifagia."

Ndo akatupa habari ya 1974, Operesheni Vijiji. Kwao kila mji ulikuwa kwenye shamba lake, mbalimbali, wakaambiwa wote wahamie kijijini karibu na barabara. Lori limefika, kinu kimepakiwa, kuku wamefungwa miguu, mume anaita, yeye karudi ndani anafagia nyumba ambayo anajua hakuna atakayelala humo tena. "Nimezalia humo watoto wangu, niiache na uchafu?"

Nikamwambia, bibi samahani, naomba unioneshe ulifagiaje. Akainuka mwenyewe, akachukua fagio la ukumbi. Unaanzia chumbani, mlango uwe mgongoni kwako, unarudi kinyumenyume hadi nje, ili hata nyayo zako usiziache ndani. Aisee.

Hapo nikapata nilichokuwa natafuta. Sikutaka kusema yaliyompata bibi na yaliyowapata Wayahudi ni kitu kimoja, hapana, bibi hakuhamishwa kwa dini yake wala kabila lake. Ila anayejua kuhama anaweza kumsimulia mwenzake aliyehama. Kwa hiyo jukwaa likawa geti la kivuko, watazamaji wakiingia wanakuta abiria wameshakaa na mizigo yao, shangazi kaja, viroba, masanduku ya bati, ndoo. Wakivaa kofia na shela wanakuwa Wayahudi wa 1905, kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa, na mizigo ndo inajenga kijiji, sanduku linakuwa mkokoteni wa maziwa, viroba vinakuwa meza ya Sabato, turubai linakuwa mzuka wa Fruma-Sarah, marehemu mke wa Lazar Wolf, kwenye ile ndoto ya uongo Tevye anayomtungia mkewe. Mwongozaji Bartlett Sher alishafanya kitu cha jirani Broadway mwaka 2015, Tevye wake anaanza na koti la siku hizi kabla hajaingia kijijini, hiyo ilinipa ujasiri. Aliyetaka fidla iwe zeze nilimkatalia, fidla ibaki fidla, ni yao.

Tukarudia mwisho. Dada akaanza kufagia taratibu, kwa huzuni, kama sinema. Bibi hakukubali kabisa. "Lori linapiga honi, mume anagomba, wewe unabembeleza fagio? Fagia haraka!" Akafagia haraka, kinyumenyume, vumbi la ukumbi likatukohoza wote, na mimi nikaandika kwenye daftari pembeni ya jina la Golde: haraka, mgongo mlangoni.