Nilivyofuatilia kiyeyushi cha klorini chini ya kiwanja cha udobi Kampala

Perkloroethilini, kiyeyushi chenye klorini cha udobi mkavu (kusafisha nguo bila maji), ni nzito kuliko maji mara 1.62. Ikimwagika haielei kama petroli: huzama, hupita usawa wa maji ya ardhini, hutulia juu ya mfinyanzi au huingia nyufa za mwamba. Kwa hiyo nilianza kwa kuuliza mashine ilikaa wapi, mapipa yaliwekwa wapi na maji yake yalimwagwa mfereji gani.

Nilichimba kutoka pembeni kuelekea kati. Ukianzia katikati, tobo lako linaweza kukifungulia kiyeyushi njia ya kushuka. Chini ya murramu na mfinyanzi mwekundu kuna mwamba uliooza wenye mishipa ya kwatsi. Sikuutoboa kabla ya kuziba tabaka la juu kwa bomba na bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa.

Kila nusu mita nilijaza udongo nusu mfuko wa plastiki, nikauponda, nikasubiri dakika 10, kisha nikapima mvuke kwa kipimo kinachoutambua kwa taa yenye nguvu ya 10.6 eV (elektroni-volti). Taa hiyo haioni 1,1,1-trikloroethani, kiyeyushi kingine cha klorini, na unyevu wa masika huidanganya. Sampuli ya maabara, gramu 5, nilichota kwa sirinji iliyokatwa ncha na kuitia papo hapo kwenye methanoli. Udongo ukikaa wazi, kiyeyushi hupaa na maabara itakuletea majibu ya uongo.

Visima nilivipa vichujio (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingiza maji) vifupi, mita 1.5, maana kichujio kirefu huchanganya maji safi na machafu. Nilipampu chini ya nusu lita kwa dakika hadi pH na upitishaji umeme vitulie mara tatu mfululizo. Ndoo ya kamba hutikisa maji na kutoa gesi, sikuitumia. Chupa za mililita 40 nilizijaza pomoni, zikiwa na asidi ya haidrokloriki. Nikazipindua na kuzigonga, na yenye kiputo nikaitupa. Barafu na chupa ya udhibiti yenye maji safi huenda nazo safari nzima. Maabara ikisoma zaidi ya miligramu 1.5 hadi 2 kwa lita, shuku kuwa kiyeyushi kizima, ambacho hakijayeyuka majini, kimelala karibu.

Bondeni, kwenye tope la kinamasi lisilo na oksijeni, bakteria huing'oa perkloroethilini klorini moja moja, nayo hugeuka: trikloroethilini, dikloroethilini, kisha kloraidi ya vinili, ambayo ndiyo mbaya zaidi, mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.3 kwa lita. Nililazimisha maabara ipime zote nne. Chemchemi ambayo watu wanachota hapo chini ikipimwa perkloroethilini peke yake, inaweza kuonekana salama.