Tivoli Wakati wa Baridi: Bibi na Wajukuu Katika Bustani ya Copenhagen

Watoto wanaolelewa kaskazini mwa Ulaya hupata likizo yao ya Krismasi na mwaka mpya katika majuma yenye giza kuliko yote ya mwaka. Huku Malmö, kusini mwa Uswidi, tunakoishi sisi, jua la Desemba huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na hata katika saa hizo chache mara nyingi hufichwa na mawingu mazito. Mzazi aliyekulia Tanga, ambako likizo ya Desemba ilikuwa ni kuogelea Raskazone na kula maembe kutwa, hana budi kujifunza upya namna ya kuwachangamsha watoto. Kwa hiyo mama yangu alipokuja kututembelea msimu huo, mimi na mume wangu tulikata shauri kuvuka bahari pamoja naye na wanetu wawili, binti wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano, twende Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika bustani ya michezo ya Tivoli, ambayo hufungua milango hata katika baridi.

Treni kutoka Malmö hadi kituo kikuu cha Copenhagen haimalizi saa nzima, na kwa watoto safari yenyewe ni sehemu ya matembezi. Inapita juu ya Daraja la Öresund, lililofunguliwa mwaka 2000, magari yakienda ghorofa ya juu na treni ghorofa ya chini. Baada ya karibu kilomita 8 daraja linashuka kwenye Peberholm, kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, na hapo treni inaingia katika handaki lenye urefu wa kilomita 4 chini ya bahari. Mama, aliyekuwa amekaa dirishani akiyatazama maji ya kijivu, alimgeukia mume wangu akamwuliza, "Mwanangu, mbona daraja hawakulifikisha ng'ambo?" Naye akamweleza kwa adabu kwamba upande ule kuna uwanja wa ndege wa Kastrup, na nguzo ndefu za daraja zingekuwa hatari kwa ndege, tena meli zinahitaji njia iliyo wazi ya kupita. Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika, na wajukuu wakaanza kubishana nani angeona mwanga wa kwanza upande wa pili wa handaki.

Tulipanga kufika kama saa nane mchana, na ningemshauri kila mwenye watoto afanye hivyo. Anayewahi saa hiyo huona bustani kwa mwanga wa mchana, watoto wakazijua njia na vyoo viko wapi, kisha giza linaingia na taa zinawaka huku wao bado wana nguvu. Tivoli iko ng'ambo tu ya barabara kutoka kituo cha treni, kwa hiyo hapakuwa na basi la kusubiri katika upepo. Jambo jingine lililotufaa ni kwamba tiketi ya kuingia na tiketi ya michezo huuzwa mbalimbali. Bei si ndogo, na familia kubwa italazimika kujipanga mapema, lakini mzee asiyetaka kurushwa hewani halipii asichokitumia. Mama aliingia kwa kiingilio tu, nao watoto wakapata tiketi za kupanda michezo bila kikomo.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kwa nini mahali hapa ni tofauti na viwanja vingine vya michezo nilivyowahi kuwapeleka. Vingi vimejengwa kwa ajili ya mashine, na asiyepanda mashine hana la kufanya ila kusimama na kushika makoti ya wenzake. Tivoli ilianza kama bustani. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na Georg Carstensen, Mdenmark aliyezaliwa Algiers mwaka 1812, baada ya kupata kibali cha Mfalme Christian VIII, katika ardhi iliyokuwa nje ya lango la magharibi la jiji, penye ngome za zamani. Ziwa lililomo ndani ni mabaki ya handaki la maji lililoizunguka ngome hiyo. Tangu mwanzo palikuwa na muziki, maonyesho ya jukwaani, mikahawa, maua na taa za rangi, na watu walikuja kutembea na kutazamana kama walivyokuja kucheza. Walt Disney aliitembelea mwaka 1951, miaka minne kabla ya kufungua bustani yake ya California, na anayeizunguka Tivoli kwa utulivu anaweza kukisia ni nini kilichomvutia, kwani vijia vimepindapinda, viti viko kila mahali, na babu na mjukuu wote wana pa kushika.

Kwa miaka zaidi ya 150 hata hivyo ilikuwa bustani ya kiangazi. Msimu wa Krismasi ulianzishwa mwaka 1994 tu, na leo ni vigumu kuamini kwamba kuna wakati milango hii ilifungwa Desemba yote. Vibanda vya mbao vimepangwa kandokando ya njia, matawi ya misonobari yamefungwa kila penye nguzo, na kila upande kuna sanamu za vibwengo wa Kidenmark wenye kofia nyekundu, ambao kijana wetu alianza kuwahesabu mpaka akachoka.

Penye michezo mikubwa hapakukosa machozi. Kwenye kila lango kuna kipimo cha urefu, na wahudumu hawana mzaha nacho. Dada mtu aliruhusiwa kupanda treni ya kasi inayopindua watu kichwa chini, mdogo wake akazuiwa, naye akakaa chini palepale kwenye mawe yenye unyevu akagoma kuondoka. Bibi yake ndiye aliyemwinua, akamwambia, "Simama baba, wewe na mimi tutatafuta letu." Wakaenda wote wawili katika mchezo uliotengenezwa kwa hadithi za Hans Christian Andersen, ambamo mtu hukaa ndani ya sanduku la safari linalotembea polepole katika vyumba vyenye sanamu zinazochezacheza. Ni ndani ya nyumba, kuna joto, na hapahitaji ushujaa wowote. Walitoka wakarudi tena kwenye foleni. Mara ya pili kijana ndiye aliyekuwa akimsimulia bibi yake mambo yanayokuja, kama mwenyeji.

Kitu ambacho mimi mwenyewe sikutaka kukikosa ni treni ya mbao, iliyofunguliwa mwaka 1914 na inayofanya kazi mpaka leo. Katika mashine za kisasa za aina hii breki ziko kwenye reli na huongozwa na kompyuta. Hapa, kila treni ina mtu wake wa breki, anayekaa katikati ya abiria na kushika mkono wa chuma. Nilikaa na binti yangu kiti cha nyuma yake kidogo. Alikuwa mama wa makamo, amevaa glavu nene za ngozi na kofia iliyofunika masikio. Tulipokuwa tukipanda ndani ya mlima wa bandia alikaa kwa utulivu kama dereva wa daladala anayeijua njia yake, lakini mara tulipoanza kuteremka alijiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, akauvuta ule mkono, akauachia, akauvuta tena kabla ya kona, kila mara kwa kiasi tofauti. Nilisikia chuma kikisaga chini yetu na nikanusa harufu yake. Mwendo haufiki kilomita 60 kwa saa, nao unatosha kabisa kumfanya mtu apige kelele. Binti yangu hakupiga kelele. Alikuwa anautazama mkono wa yule mama tangu mwanzo hadi mwisho, na tuliposhuka aliuliza mtu anasomea wapi kazi ile. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kwa mchezo wowote wa kasi, maana alikuwa ameona kwa macho yake kwamba usalama wa watu zaidi ya ishirini ulikuwa katika mikono ya mwanamke mmoja aliyeijua kazi yake.

Baridi siku ile ilikuwa kama nyuzi mbili juu ya sifuri, ambayo mtu akiisoma tu hudhani ni nafuu. Upepo wa bahari wenye unyevu ndio unaokata. Mchezo wa viti vya bembea vinavyopanda hadi mita 80 ulikuwa umesimamishwa kwa sababu ya upepo huohuo. Tulikuwa tumebeba soksi na glavu za akiba kwa watoto wote wawili, na zile za mdogo tulizibadilisha mara tu zilipolowa, kwani mtoto mwenye vidole vya baridi hana tena anachokifurahia. Kila baada ya michezo miwili au mitatu tuliingia ndani mahali tukapata joto, hata kama watoto walikubali kwa shingo upande.

Kwenye vyakula, wasiokula nguruwe wanapaswa kuuliza kabla ya kuagiza, kwani soseji nyingi za Denmark ni za nguruwe, na kile kinywaji moto chenye mdalasini na zabibu kavu kinachouzwa kila kibanda ni mvinyo, ingawa mara nyingi kuna cha watoto kisicho na kilevi. Mama hakuwa na shida na lolote kati ya hayo kwa sababu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kibanda kimoja na hakubanduka. Kijana aliyekuwa ndani alikuwa akimimina unga wa maji katika kikaango kizito cha chuma chenye vishimo vya mviringo, kisha akavigeuza vile vitumbua kimoja kimoja kwa kijiti chembamba, robo duara kwanza, halafu nusu. Ni kikaango kilekile cha jikoni kwetu. Wadenmark hutumia unga wa ngano, mayai na maziwa mahali pa mchele na tui, lakini wengi wao hutia iliki, na mama aliinusa kabla hajaambiwa. Wanavila kwa jamu na sukari ya unga. Alipoonja alisema vimepikwa vizuri ila vinataka nazi, akaniomba nimwulize kijana anatumia mafuta kiasi gani katika kila kishimo. Kijana aliacha kazi akamwonyesha kwa kijiko, ni siagi, tone dogo tu, na foleni nyuma yetu ikasubiri bila manung'uniko.

Magharibi iliingia tungali ndani. Magoti ya mama siku hizi hayamruhusu kusujudu, kwa hiyo aliswali akiwa ameketi kwenye benchi kando ya ziwa, mimi nikimkinga upepo upande mmoja na mume wangu upande wa pili, na watu wakapita bila kutushangaa. Mbele yake lilikuwa limewaka jengo la Nimb, lililojengwa mwaka 1909 kwa matao na kuba za mtindo wa Waarabu wa Andalusia, likiwa limepambwa kwa taa ndogondogo kuanzia msingi hadi juu ya paa. Taa za Tivoli hazing'ai sana hata zikaumiza macho. Nyingi ni balbu ndogo zenye mwanga wa manjano, na kwa kuwa maji yanazirudisha, mtu huziona mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu afike Ulaya mama alisema giza la huku lina faida yake.

Anayekusudia kwenda na wazee na watoto wadogo aangalie kwanza kalenda ya bustani, kwani hufungwa mkesha wa Krismasi na msimu wenyewe humalizika mwanzoni mwa Januari, kisha achague siku ya katikati ya juma ikiwezekana, maana jioni za Jumamosi hapapitiki kwa gari la mtoto. Wageni waliokuja kwa viza kama mama wasiache pasipoti nyumbani kwa kudhani kwamba nchi hizi hazina mipaka. Tuliporudi, askari wa Uswidi waliingia ndani ya treni wakakagua vitambulisho vya kila mtu, na mama alitoa pasipoti yake kutoka kwenye mkoba alioushika mapajani, pamoja na mfuko wa karatasi wenye vitumbua vitatu vilivyobaki.