Martucci kwa euro mbili

Jana nimepita kwenye meza za vitabu vya mitumba Port'Alba, hapa Napoli, nikaibuka na nota za piano za mtunzi wa Kiitalia Giuseppe Martucci: Notturno (kipande cha muziki wa usiku), opus 70 namba 1. Euro mbili tu! Karatasi imegeuka rangi ya chai, na aliyekuwa nazo kaandika namba za vidole kwa penseli hadi ukurasa wa pili, kisha kimya. Nahisi alinyoosha mikono. Bemoli sita (alama za kushusha nota nusu hatua) si mchezo.

Martucci alifariki 1909 akiwa mkuu wa konsevatori, yaani chuo cha muziki, ya mji huu huu. Hakuandika opera hata moja, na kwa Waitalia hiyo ni kesi.

Hakimiliki ilishaisha, nimeziskani zote. Anayezitaka aje inboksi, ila hizo namba za vidole msizifuate jamani, zitawavunja mkono.